Bahari Haimpigii Mtu Saluti

Msemo wa "umoja ni nguvu" umetamkwa katika magwaride na mabaraza mengi kiasi kwamba ni vigumu sasa kumpata mtu atakayesimama kidogo akauliza: umoja huo hufanywa na nini? Je, watu kumi wakivaa sare moja, wakapanda chombo kimoja na kuelekea upande mmoja, tayari wamekwisha kuwa na umoja? Leo napenda kulijibu swali hilo kwa njia ambayo huenda ikawashangaza wasomaji wetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi. Nitauchukua mfano wangu katika mchezo, tena mchezo wa raia wasiokuwa na cheo wala mamlaka ya kumtia mtu rumande. Mchezo huo ni safari za pamoja za vilabu vya kayaki za baharini katika nchi ya Uingereza.

Kayaki si kitu kigeni kabisa kwetu. Waliopata kukaa Jinja wamewaona vijana wakishuka katika maporomoko ya Nile ndani ya vyombo vifupi, mara wamepinduka, mara wameinuka. Kayaki ya baharini ni ndugu wa chombo hicho lakini si pacha wake. Ina urefu wa mita 5 hivi na upana wa kama sentimita 55, imechongoka omo na tezi, na ndani yake mna vyumba vilivyozibwa ili isizame hata ikijaa maji katikati. Mpiga kafi hukaa amenyoosha miguu mbele, na kiunoni amevaa kitambaa mfano wa sketi kinacholiziba tundu la kukalia. Waliokibuni chombo hiki ni Wainuiti na wenzao wa nchi za Aktiki, walioshona ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao zilizotupwa pwani na mawimbi, wakaenda kuwinda. Wazungu walikichukua baadaye, wakakifanya mchezo. Chama cha Uingereza cha wapiga kafi, British Canoe Union, kiliundwa mwaka 1936, na siku hizi huitwa Paddle UK.

Katika klabu ya kawaida utawakuta watu wa kila namna: fundi wa mabomba, mwalimu, muuguzi, mzee aliyestaafu, na kijana aliyejiunga mwezi uliopita. Hapana alipwaye. Kiongozi wa safari ya leo huenda Jumapili ijayo akawa mfuasi wa yule yule anayemwongoza sasa. Lakini ukiwatazama watu hao wakiwa ufukweni kabla ya kuingia majini, utaona utaratibu ambao sajini yeyote angeukubali.

Kiongozi amekwisha kusoma, tangu jana yake, habari za upepo na jedwali la maji kujaa na kupwa. Hana budi, maana kayaki huenda mwendo wa kilometa 6 hivi kwa saa, na mkondo wa maji yanayopita katika mlango wa bahari waweza kuwa na mbio kuliko huo. Mwenye kuukabili atapiga kafi saa nzima, kisha atajikuta yuko nyuma ya pale alipoanzia. Kisha watu husimama duara, na kiongozi huuliza maswali ambayo katika kambi nyingi yangehesabiwa kuwa ni ya kumwaibisha mtu. Nani bega lamuuma? Nani ana dawa anayoimeza, na ameiweka wapi? Nani hajapata kupinduka tangu mwaka jana? Nani hakulala vizuri? Na watu hujibu kweli mbele ya wenzao, kwa sababu kila mmoja ajua kwamba gharama ya bega lililofichwa italipwa na mwenzake atakayemvuta kwa kamba saa nane mchana, upepo ukiwa umekaza.

Baada ya hapo vyombo huhesabiwa. Mtu mmoja hupewa kazi ya kuwa wa mwisho, naye haruhusiwi kumpita yeyote siku nzima. Ishara hukubaliwa palepale, kwa kuwa ishara za klabu moja si lazima ziwe za klabu nyingine: kafi likiinuliwa wima maana yake hivi, likilazwa juu ya kichwa maana yake vile, na filimbi ikilia mara tatu pana hatari. Redio hujaribiwa katika chaneli ya 16, ambayo ni chaneli ya wito wa dharura baharini. Na mtu wa nchi kavu huachiwa karatasi iliyoandikwa idadi ya watu, rangi za vyombo, njia watakayoipita, saa ya kurudi, na jambo lililo kubwa kuliko hayo yote: saa ambayo asipowaona atawaita walinzi wa pwani, bila kungoja zaidi.

Wapiga kafi wa huko wana desturi ya zamani kwamba baharini wasipungue watatu. Sababu yake ni nyepesi: mmoja akipatikana na maafa, mmoja hukaa naye, na mmoja hubaki mzima wa kutafuta msaada. Lakini desturi hiyo ina mtego ndani yake, na wengi wamenaswa nao. Mtu husikia "watatu" akadhani kwamba hesabu yenyewe ndiyo kinga. Husema: tuko kumi, basi tu salama. La! Kumi wasiosikilizana ni wapweke kumi walioondoka pamoja.

Mwendo wa kundi ndio mahali ambapo jambo hili hujidhihirisha, na hapa askari aliyepata kutembea mwendo mrefu na platuni yake atanielewa upesi kuliko raia. Sote twasema kwa mdomo kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Lakini tazama namna kanuni hiyo inavyovunjwa na watu wanaodhani wanaitii. Walio wepesi hutangulia, hufika kwenye rasi, husimama, hunywa maji, huzungumza na kucheka. Yule mchovu anapowafikia, wao husema, "Haya, amefika, twende." Basi mwenye nguvu amepumzika mara nne, na asiye na nguvu hakupumzika hata mara moja. Machoni pa kiongozi kundi limekaa pamoja siku nzima, hali mtu mmoja ndani yake ameuawa polepole. Kiongozi ajuaye kazi yake haondoki wakati wa mwisho anapofika. Huondoka wakati wa mwisho anaposema yu tayari. Tofauti hiyo ni ya dakika tano tu.

Kupinduka si aibu kwao. Hufanya mazoezi ya kupinduka katika maji matulivu, hata mtu akazoea kulivuta lile sketi, akatoka chini ya chombo, akakishika asikiache. Mwenzake huja, huipandisha omo ya chombo kilichopinduka juu ya chombo chake mwenyewe, huyamwaga maji, hukigeuza, hukishikilia, na mwenye kuanguka hupanda. Waliozoea humaliza jambo hilo kwa dakika chache. Wasiozoea hawalimalizi kamwe, na maji baridi hayawangojei. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameyafupisha mambo ya maji baridi katika hesabu rahisi: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za mikono kuweza kufanya kazi yenye manufaa, na saa 1 kabla ya kuzimia kwa baridi. Kwa hiyo anayetegemea kujifunza uokoaji siku ya maafa ana dakika 10 za masomo.

Najua wako watakaoniuliza: mchezo wa Jumapili wa raia wa Ulaya wamhusu nini mwanajeshi? Wamhusu, tena kwa njia ya vita. Usiku wa Desemba 7, 1942, nyambizi ya Uingereza iitwayo HMS Tuna iliwateremsha askari 10 wa majini wa nchi hiyo karibu na mdomo wa mto Gironde nchini Ufaransa, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuwa ndani ya vyombo 5 vya jamii ya kayaki vyenye ubavu wa turubai, wawili wawili, na kiongozi wao alikuwa Meja Herbert Hasler. Kazi yao ilikuwa kupanda mto kwa usiku kadhaa, umbali wa zaidi ya kilometa 100, wakijificha mchana, hadi bandari ya Bordeaux, na kuzibandika mabomu meli zilizokuwa zikileta mali kwa adui.

Usiku huo wa kwanza, katika maji makali ya mdomo wa mto, chombo kimoja kilipotea wasikione tena. Kingine kilipinduka, kikajaa maji yasiyoweza kufuliwa, ikabidi kizamishwe. Watu wake wawili walining'inia katika vyombo vya wenzao, wakakokotwa kuelekea nchi kavu kadiri ilivyowezekana. Kisha Hasler alikata shauri ambalo sidhani kwamba yupo kamanda angependa kulikata: aliwaacha majini waogelee wenyewe, kwa sababu maji yalikuwa yanageuka, mapambazuko yalikuwa yanakuja, na kazi ilikuwa bado mbele. Wote wawili walikufa kwa baridi. Vyombo viwili tu vilifika Bordeaux, na usiku wa kuamkia Desemba 12 mabomu yalibandikwa, meli zikaharibiwa. Kati ya wale kumi, waliorudi kwao ni Hasler na mwenzake wa chombo kimoja, Bill Sparks. Sita walikamatwa na Wajerumani wakauawa.

Simlaumu Hasler, na sijui mtu mwenye haki ya kumlaumu. Vita ilikuwa vita, na amri ilikuwa na uzito wa kupimwa na roho za watu. Lakini nasema hivi: klabu haina meli ya adui inayoingoja ng'ambo. Ng'ambo kuna chupa ya chai na mkate. Vivyo hivyo kikosi kinapokwenda matembezini, au timu ya polisi inapovuka ziwa kwenda kucheza mpira, ng'ambo hakuna kitu chenye thamani ya mtu mmoja. Hatari kubwa ya sisi tuliozoea kutii na kutiiwa ni kwamba tunauchukua moyo wa Bordeaux na kuupeleka pikiniki. "Tumesema tutafika, tutafika." Neno hilo ni la kishujaa mahali pamoja, na mahali pengine ni upumbavu mtupu.

Ushahidi wa jambo hili uko katika maafa ya Lyme Bay, kusini mwa Uingereza. Machi 22, 1993, wanafunzi 8 wa shule moja ya mji wa Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo, waliondoka Lyme Regis kwa kayaki kwenda Charmouth. Ni umbali wa kilometa 3 hivi. Hawakuwa klabu; walikuwa wateja wa kituo cha biashara, na hilo lina maana kubwa, kama nitakavyoeleza. Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu kuelekea baharini. Huo ndio upepo wa hila kuliko yote, kwa maana karibu na ufuko, chini ya majabali, maji hulala kimya kama ya kwenye beseni, na mgeni huona hakuna neno. Kila hatua anayosogea nje, upepo humpata zaidi na mawimbi hukua, na anapoogopa na kutaka kurudi, njia ya kurudi ndiyo yenye upepo usoni.

Mwalimu alipinduka tena na tena. Mkufunzi mmoja alibaki kumsaidia, mwingine aliwakusanya wanafunzi, wakashikamanisha vyombo vyao. Na wakati wakingoja, upepo uliwachukua wote. Kundi likawa makundi mawili yasiyoonana. Kayaki hazikuwa na vitambaa vya kuziba matundu, zikajaa maji. Hapakuwa na fataki za kuashiria hatari. Wakufunzi wenyewe walikuwa na cheti cha ngazi ya wanaoanza. Walitazamiwa kufika kabla ya chakula cha mchana, lakini saa kadhaa zilipita kabla ya walinzi wa pwani kuarifiwa kwamba kuna watu wamepotea. Wanafunzi 4 walikufa.

Lakini jambo ambalo ningependa kila ofisa alisome mara mbili ni hili. Mwaka uliotangulia, 1992, wakufunzi wawili waliokuwa wakifanya kazi katika kituo hicho waliacha kazi, wakamwandikia mkurugenzi barua kumwonya juu ya upungufu wa vifaa na wa watu wenye ujuzi. Barua ilifika na maneno yake yalikuwa wazi. Ilipokuja kusomwa kwa makini, ilisomwa mahakamani. Desemba 1994 kampuni ilitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikawa kampuni ya kwanza kupatikana na hatia hiyo katika historia ya Uingereza, na mkurugenzi wake akafungwa jela. Mwaka 1995 bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuvitaka vituo vya namna hiyo vinavyochukua vijana viwe na leseni.

Vilabu vya watu wa hiari havikuingizwa katika leseni hiyo kwa safari za wanachama wao wenyewe. Wapo walioliona hilo kuwa pengo. Mimi sikubaliani nao sana. Katika kituo cha biashara mteja amelipa, anaona haya kusema anaogopa, na mkufunzi ni kibarua anayemhofia tajiri. Katika klabu nzuri, yule kijana wa mwezi mmoja ana haki ya kusema "mimi narudi", na akisema hivyo kundi zima humsikiliza, kwa kuwa hawezi kuachwa arudi peke yake. Neno lake moja lageuza safari. Hakuna anayemcheka ufukweni.

Hapo ndipo atakaponiinukia afande mmoja na kusema: mambo haya yakiingia jeshini, kila kuruta atapiga kura, na amri itakufa. Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau. Lakini itazame vizuri klabu yenyewe. Majini, kiongozi akiamuru "shikamaneni", hapana ubishi wala majadiliano. Kafi hulazwa mara moja. Uhuru wa kusema ulitumika ufukweni, wakati wa duara, ndiyo maana majini utii hauna kinyongo. Sisi mara nyingi hupindua: ufukweni kimya kwa hofu ya cheo, majini makelele. Tena kuna tofauti kati ya kubishia amri na kutoa habari. Askari anayesema "afande, jaketi ni kumi na sisi ni kumi na sita" hakubisha chochote, amehesabu. Atakayemfokea ajue kwamba hatahesabiwa tena jambo.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Kwa upande wa vyombo ni kweli, bei zake si za mshahara wa askari. Lakini duara la ufukweni halina bei, wala kumweka mtu wa mwisho, wala karatasi ya saa ya kurudi.

Nasi tuna maji ya kututosha. Desemba 25, 2016, siku ya sikukuu, mashua iliyowachukua wachezaji wa mpira na mashabiki wao ilipinduka katika Ziwa Albert, watu wapatao 30 wakafa. Novemba 24, 2018, mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na waliokufa walizidi 30. Hao wote walikuwa watu waliotoka kwa furaha, kwa pamoja. Maji yetu si kama ya Lyme Bay mwezi wa Machi, hayaui kwa baridi upesi hivyo. Huua kwa dhoruba ya ghafla, kwa shehena, kwa abiria kukimbilia upande mmoja, na kwa kutojua kuogelea. Na walioitwa kwenda kuopoa maiti za MV Templar walikuwa ni ninyi, askari wa majini wa polisi na wa UPDF, pamoja na wavuvi. Kwa hiyo hakuna watu nchini wenye haki kuliko ninyi ya kuwaambia wengine namna ya kwenda majini kwa kundi, wala hakuna watakaotazamwa kwa jicho kali kuliko ninyi mkienda vibaya.

Ningependekeza jambo moja dogo, ambalo halihitaji fungu la fedha. Kila kikosi au kituo kinapopanga safari ya majini isiyo ya kazi, iwe ya mchezo, ya harusi au ya kuvua samaki, idadi ya watu, idadi ya majaketi na saa ya kurudi viandikwe katika daftari la zamu, na kando yake iandikwe saa ya kutoa taarifa ya hatari. Askari wa zamu, hata akiwa ni kuruta wa juzi, apewe amri kwa maandishi: ikifika saa hiyo na mashua haijaonekana, asimtafute afande wa kumwomba ruhusa, maana afande mwenyewe huenda yumo ndani ya mashua. Apige simu.